Mama Mkwe Mwenye Ndevu

Binti yangu wa mwisho alirudi nyumbani wakati wa kupalilia maharage, na begi moja na godoro. Mwanamke akija kwao na begi, hayo ni matembezi. Akija na godoro, hiyo imeshakuwa habari. Kitanga nzima iliona godoro lile likishushwa kwenye pikipiki, na kabla halijaingia ndani majirani walishafika kuniomba chumvi, wote, kana kwamba chumvi imeisha kijiji kizima siku hiyo hiyo.

Nikamkalisha, nikampa uji, nikamuuliza. Akaanza kulia. Mwanangu huyu akilia anatoa maneno kama anavuta ndoo kisimani, lazima usubiri. Kwa kifupi akasema mume wake, yule muuza vipuri vya pikipiki wa Kibondo mjini, ana mwanamke ndani ya simu. Kamwona kwa macho yake. Mwanamke ana nywele nyekundu mpaka kiunoni, nguo imeishia juu ya mapaja, anatembea porini, na mume wake anamfuata nyuma, kutwa. Mwanamke akipanda mlima, mume jicho linapanda mlima. Mwanamke akiingia pangoni, na mume huyo, pangoni. Chakula kinapoa. Mteja anataka plagi, anaambiwa asubiri kidogo.

"Na uso hageuzi, mama," akasema. "Mimi nimeona mgongo tu. Mwanamke gani huyo anampa mume wangu mgongo kutwa nzima, na yeye bado anafuata?"

Mtu mwingine angeniambia niende Kibondo nimuulize mkwe wangu mwenyewe. Haiwezekani. Kwetu mama mkwe na mkwe hawakaribiani. Akija kwangu mimi naingia chumba cha ndani, tunasalimiana mlango ukiwa katikati, na kula mbele yake ndiyo kabisa, bora nife na njaa. Tangu amwoe mwanangu, mimi nilikuwa najua viatu vyake na sauti yake tu. Sauti yake inapita puani, kama mtu aliyebana pua kwa kibanio cha nguo, na kila akimaliza jambo anaweka "kwa kweli". Shikamoo mama, kwa kweli. Mvua imenyesha, kwa kweli. Naiweza sana sauti ile. Zamani nikiitoa, binti yangu anaanguka kwa kucheka. Safari hii nikaitoa kidogo kumchangamsha, akalia upya. Nikaiweka.

Sasa nina mjukuu wangu, msusi, mtu mzima na kiburi chake, kaweka saluni barazani kwangu. Yeye alikuwa anasuka mtu na masikio yote yako kwetu. Akasema hiyo ni gemu tu, watu wanacheza pamoja kila mmoja na simu yake, mmoja yuko Kibondo, mwingine Dar, mwingine huko mbele kwa Wazungu. Akasema, bibi, si uingie na wewe ukamtafute huyo mwanamke. Alisema kwa utani. Kunitania mimi ni hatari, maana nakubali.

Mwezi mzima nikasubiri mkwe atume mtu, asitume, ndipo tukaanza kuchagua. Gemu ya kwanza aliyonionyesha ni ya kulima. Unapanda mahindi, unamwagilia, unasubiri. Nikamwambia mimi nimelima mpaka mgongo umekuwa kama jembe lenyewe, leo nikae kwenye kiti nilime tena bila kuvuna? Ya pili ni ya bunduki, watu wanaruka kutoka angani na kuuana kabla hata ya kusalimiana. Nikasema hao hawana wazazi. Kisha nikamweleza yale aliyoyaona binti yangu, mlima, pango, nywele nyekundu, na mjukuu akaijua papo hapo. Hiyo ni ya kifalme. Unachagua utakuwa nani, unajiunga na kikosi, mnakwenda pamoja kuua majitu na kutafuta hazina. Tena mkwe aliwahi kumwalika yeye mjukuu kwenye kikosi chake, akakataa kwa sababu ya bando. Na humo watu wanaongea kwa mdomo, hakuna kuandika.

Hapo kwenye mdomo ndipo niliposema tuingie. Mimi kusoma sijui, lakini mdomo ninao.

Kuchagua mtu wa kuwa kulituchukua mchana mzima na wateja wawili wa rasta walibaki nusu kichwa. Mjukuu alitaka niwe msichana wa upinde. Nikamtazama msichana yule, kitovu nje, baridi ya huku kwetu ingemshika kifua siku ya kwanza. Kulikuwa na mchawi, nikamwambia akipitishe haraka kidole, watu watasema. Mwishoni akatokea mzee mfupi, mnene, ndevu zimefika kwenye mkanda, kashika shoka. Marehemu mume wangu alitamani ndevu maisha yake yote na zikamgomea. Nikasema huyo huyo.

Sauti nikaichagua mwenyewe. Zamani nilikuwa napeleka maharage soko la kambi ya wakimbizi, na palikuwa na mzee mmoja Mkongomani muuza vitenge, akikuita huwezi kupita. Nikamchukua yeye. Mjukuu akabonyeza, tukaingia kwenye kikosi, na mzee wangu akafungua kinywa: "Bonjour batoto, papa amekuya na shoka yake."

Walikuwa watatu. Kiongozi alikuwa kijana wa Dar, ana upanga mrefu kuliko yeye, kila neno ni oya, oya mshua karibu, oya mshua usisimame kwenye moto. Alikuwepo mpiga mishale, huyo bubu. Na alikuwepo yeye. Nywele nyekundu mpaka kiunoni, kashika fimbo inayong'aa. Kazi yake ni kuponya. Ukipigwa, anakunyooshea fimbo unapona.

Mkwe wangu sikumwona. Nikajua bado yuko dukani anauza plagi. Vizuri, nikasema, nimalizane kwanza na mwanamke.

Sikumpa nafasi ya kupumua. Tukitembea namwambia, weye mama ya nywele nyekundu, kwenu hakunaka kitambaa ya kufunika mapaja? Tukipigana namwambia, weye uko nafanya nini apo nyuma, kuya mbele batu bakuone uso. Hajibu. Mtandao wa kwao mbovu, alisema kijana wa Dar, sauti yake haitoki. Lakini kila jitu liliponiangusha, na lilikuwa linaniangusha mimi kwanza kwa sababu sikujua kukimbia, mwanamke yule alikuja na fimbo yake akaniinua. Nikimtukana, ananiinua. Nikaanza kuona aibu kidogo. Baada ya vita kiongozi anawasha moto, watu wanakaa kuuzunguka na kula nyama ili nguvu zirudi. Mimi na mwanamke yule tulikaa bega kwa bega, tukala paja la mnyama hata sijui ni mnyama gani.

Siku ya tatu mtandao wa kwao ukapona. Nilikuwa na mfupa mdomoni, pale kwenye moto, ndipo yule mwanamke akageukia upande wangu na kusema kwa sauti ya puani, "Mzee, leo umepiga vizuri, kwa kweli."

Nilitupa simu kwenye beseni la rasta. Mjukuu akaiokota akiuliza kulikoni. Nikamwambia nimekula na mkwe wangu. Nimekula nyama, bega kwa bega, na nimemwambia habari za mapaja.

Mjukuu alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akanieleza kitu ambacho kama angenieleza mwanzo, godoro lingeshapanda pikipiki kurudi. Kwenye gemu hii wewe mwenyewe unajiona kwa nyuma. Unatembea, unaona mgongo wako. "Bibi," akasema, "wewe umewahi kumwona uso mzee wako akiwa njiani?" Nikafikiri. Ni kweli. Namjua kisogo tu.

Kumbe mwanamke aliyekuwa anafuatwa na mkwe wangu mchana kutwa ni mkwe wangu.

Jioni nikamwambia binti yangu. Hakuamini. Akasema namtetea kwa sababu nimechoka kumlisha. Na hata kama ni hivyo, akasema, kama hakuna mwanamke mbona hajaja kunichukua? Mwezi wa pili huu. Hajatuma hata mtu. Mwanamke akikaa kwao mpaka maharage yanayopaliliwa yanaanza kuchumwa, watu wanaacha kuomba chumvi, wanaanza kumwonyesha wanaume waliofiwa.

Jumapili nikamkalisha kwenye kiti cha saluni, mjukuu akamshika kichwa asuke, mimi nikaweka simu juu ya stuli, sauti nje. Nikamwambia afunge mdomo asikilize. Tukaingia porini. Mwanamke mwekundu huyo hapo. Nikamkaribia.

"Papa," nikasema kwa sauti ya vitenge, "mwanamke yako iko wapi? Kila siku uko hapa na siye tu."

Akasema mke wake ameondoka. Aliona mdoli wake wa gemu akadhani ni hawara. Alijaribu kumweleza, akaonekana mwongo. Nyumba imekuwa kubwa, alisema, anapika wali unaungua, anakula pale pale dukani, kwa kweli. Nikatupia jicho kitini. Binti yangu kashika mikono ya kiti, na mjukuu kasimamisha kusuka.

Nikamuuliza sasa kwa nini haendi kumfuata.

"Namwogopa mama mkwe," akasema.

Akaeleza. Kumbe safari moja alikuja kusalimia, akanisikia jikoni ninavyoitoa sauti yake, na majirani wanavyocheka. Akasema akienda sasa hivi na kosa lake, yule mama atamweka uani amwige mbele ya kijiji kizima. Kijana wa Dar akauliza, oya kwani anakuwaje huyo bi mkubwa. Ndipo mkwe wangu akaniiga mimi. Akatoa sauti ya mbuzi anayeumwa tumbo: "Eeeh, mkwe, umekuja na miguuu miwili tuuu?"

Ningeweza kuvumilia kusemwa. Kuigwa vibaya sikuweza. Ile haikuwa sauti yangu hata robo. Mkongomani wa watu akanitoka mdomoni sijui alikwenda wapi.

"Mimi sisemi hivyo," nikasema kwa mdomo wangu niliozaliwa nao, na salamu ya kwetu. "Mimi nasema hivi: mwiriwe, mkwe. Godoro lako linaingia vumbi hapa. Njoo ulichukue na mwenye nalo."

Mwanamke mwenye nywele nyekundu akasimama kama mti. Jitu likatokea, likampiga, hakusogea, likampiga tena, akaanguka kifudifudi. Kijana wa Dar, ambaye humwita kila mtu kwa mdoli wake, akawa anauliza, oya mshua, umemfanya nini sista? Na binti yangu, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama kama ufagio, alikuwa anacheka vile alivyokuwa anacheka zamani, anapiga magoti kwa viganja.

Alhamisi mkwe alikuja, na baba yake mdogo, na dumu la asali. Nikaingia chumba cha ndani kama inavyotakiwa, nikarudisha mlango. Nikaona viatu vikisimama barazani. Vilikuwa vimepigwa rangi. Akakohoa. "Shikamoo mama, kwa kweli."

Nilijua wote wananisubiri nimwige, uani palishajaa. Nikamhurumia. Nikaitika kwa sauti nyingine: "Merci papa, karibu sana, ingia na batu yako."

Baba mdogo akauliza kama kuna mgeni ndani. Mkwe akasema hapana, huyo anamfahamu. Wakaongea yao, wakala, wakalifunga godoro kwenye pikipiki, na binti yangu akapanda ya pili na kichwa chake kimesukwa chote.

Gemu sikuacha. Kikosi bila mtu wa shoka kinakufa. Tunapigana kama kawaida, mkwe ananiinua nikianguka, maana jitu haliulizi desturi. Lakini moto ukishawashwa, mwanamke yule mwekundu anaondoka polepole, anakwenda nyuma ya jiwe kubwa, na anabaki huko akitupa mgongo mpaka mzee wangu amalize kula. Kijana wa Dar hapendi. Anasema sista siku hizi anaringa, anasusa chakula cha wenzake. Mimi nafuta ndevu namwambia, acha, batu ya kwao banakulaka hivyo.