Kioo Nilichokipiga Tupa Kabla ya Nikaha

Aibu hii naieleza mwenyewe kwa sababu Kismayo nzima wanaieleza tayari, na wao wananiongezea makosa ambayo sikuyafanya, wakati yangu yanatosha.

Niliacha shule darasa la nne, na tangu hapo nimehama mji hadi mji nikifungua vitu vya watu nione ndani kuna nini. Ndivyo nilivyogeuka fundi simu. Bi Zena aliniletea yake, kioo kimepasuka, siku moja kabla ya nikaha ya bintiye, na simu hiyo ndiyo ilikuwa nikaha yenyewe, maana mumewe, walii wa binti, yuko kiwandani Ulaya na angeozesha kwa simu wakati wa mapumziko yake, dakika ishirini tu.

Kioo nilichokuwa nacho kilikuwa cha simu nyingine inayofanana nayo, kimezidi upana kwa unene wa ukucha. Mwenye akili angesema hana. Mimi nikachukua tupa. Pembeni, kwenye ule ukingo mweusi, niliona vistari vya rangi ya fedha vyembamba kuliko unywele, nikadhani ni urembo (nani anatia urembo mahali pasipoonekana, sikujiuliza), nikasugua mpaka kikaingia. Nikapekua picha mbili tatu, kikaitika, nikamrudishia.

Msikitini nilikaa mbele, nisifiwe. Simu ikalia. Mjomba Kasimu, kaka yake Bi Zena, akagusa kitufe cha kijani cha kupokelea, upande wa chini wa kioo, nayo ikaendelea kulia.

"Mjomba, una halua vidoleni," nikamwambia.

Akafuta mkono. Wapi.

"Mpeni bwana harusi, ana haraka zaidi," akasema mzee mmoja wa Chovae, kisiwa cha akina bwana harusi, watu wakacheka.

Bwana harusi naye akashindwa, nikamwambia ana jasho la woga. Shekhe akajaribu, na mimi nisiyejua kunyamaza nikamwambia labda ni mafuta ya udi.

"Mchu huyu," akasema yule mzee, maana kwao mtu ni mchu, "atatuambia sote tukatawadhe upya."

Simu ikanyamaza, ikalia tena, nikaipokonya, nikabonyeza kwa dole gumba, kwa kifundo cha kidole, mwisho kwa pua (ndiyo, pua, mbele ya koo mbili). Ikanyamaza moja kwa moja. Walipopata namba kwa Bi Zena na kupiga kwa simu nyingine, walii alikuwa amezima, amerudi kazini. Wageni wa Chovae wakaondoka kuwahi maji, mashua zao zisipwelewe, na binti akabaki ndani na hina yake, hajaolewa.

Nilikifungua kioo nikakikagua kwa lenzi. Kila kistari kilikuwa waya unaopeleka mguso wa mstari wake mmoja wa kioo, nyaya zote zikitoka kwenye utepe ulio juu, na ule wa nje kabisa ndio unaokwenda mbali zaidi, hadi chini, kwenye kitufe cha kijani. Mimi na tupa yangu nilianzia nje.

Wiki iliyofuata walitumia simu ya vitufe ya Mjomba, sauti wazi. Walii hakuanza na salamu kwa mkwewe.

"Fundi yupo?"

"Yupo, shemeji," akajibu Mjomba.

"Akae na viatu."

Nikaenda nikakaa mlangoni kwenye viatu, na huko ndiko nilikosikia bwana harusi akisema amekubali. Simu bado natengeneza, lakini kioo kisichoingia namrudishia mwenyewe, hata akinilaani.