Risasi Kumi za Mark Four

Filamu za vita huzitazama nikihesabu. Mwigizaji akishika Mark Four, ile bunduki ya Waingereza ya vita vikuu, naanza: moja, mbili, tatu. Akipita kumi bila kujaza risasi upya, nazima simu. Niliibeba bunduki hiyo miaka sita nikiwa polisi wa akiba nyumbani Kenya, kwenye bonde la wezi wa ng'ombe. Inabeba kumi tu. Kila ukifyatua, sharti uvute bolti nyuma na kuirudisha mbele kabla ya kufyatua tena. Zikiisha unajaza kwa juu, tano, halafu tano nyingine.

Mambo ya bondeni nilimsimulia Mkenya mwenzangu wa kitanda cha juu, chumbani kwetu Industrial Area, hapa Doha, Qatar. Sote tulikuwa walinzi wa kampuni moja, ila yeye kabla ya Doha alikuwa muuza simu. Nilimweleza hata siku ndugu yangu alipopigwa risasi kando yangu, akafa kichwa chake kikiwa mapajani mwangu.

Kampuni ikatangaza nafasi ya msimamizi kule Abu Hamour. Ofisi ina kiyoyozi, na msimamizi ndiye hupanga zamu. Walitaka mtu aliyewahi kubeba silaha, nami nikajaza fomu. Siku hiyo hiyo fomu ya mwenzangu ilidondoka kutoka kitandani kwake, nikaiokota na kuisoma. Miaka sita, polisi wa akiba, bonde, ng'ombe. Na ndugu yangu. Alikuwa amemwandika kuwa ndugu yake.

Maisha yangu angechukua, ningemtukana yakaisha. Lakini maiti ya ndugu yangu! Niliirudisha fomu kitandani kwake kabla hajarudi.

Ijumaa, siku yetu ya mapumziko, akashuka na vikombe viwili vya karak, ile chai ya maziwa ya hapa.

"Buda, kwani ile Mark Four yako ilikuwa inabeba ngapi?"

"Thirty," nikamwambia. "Ni kama AK tu. Unachomoa magazini ya risasi hapo chini, unaweka ingine."

"Na bolti?"

"Unavuta mara moja, basi. Kwani huoni kwa muvi?"

Nikamtafutia filamu mbovu kuliko zote, askari jangwani anamwaga risasi kama anayemwagilia sukuma wiki. Ijumaa tatu tulitazama filamu za namna hiyo. Alinishukuru kila mara, nami nilikunywa karak yake, tamu kwelikweli.

Jambo moja sikumwambia. Meneja wetu, mzee wa Kipakistani, ana picha ofisini Al Mansoura, niliyoiona nilipokwenda kuchukua sare. Ni yeye akiwa kijana jeshini kwao, na begani ana bunduki ile ile.

Siku ya usaili mwenzangu alitangulia kuingia, nikabaki kwenye benchi, mlango wazi. Meneja alimpa fagio amwonyeshe Mark Four inavyofyatuliwa. Akalivuta mara moja, akaanza kufyatua kwa mdomo. Nilihesabu, ndiyo mazoea yangu. Alifika ishirini na mbili, kisha akachomoa magazini kwa chini. Meneja hakucheka. Alimuuliza jina la ndugu yake aliyekufa.

Jina sikuwahi kumtajia. Nilimsikia akikohoa.

Nilipoitwa nilichukua fagio lile lile. Nilifyatua kumi, nikivuta bolti kila mara, na mzee akawa anaitikia kwa kichwa kila risasi. Nikajaza kwa juu, tano, halafu tano. Aliponiuliza jina la ndugu yangu, nililisema, nikamrudishia fagio lake.

Nafasi nikapewa mimi. Ratiba yangu ya kwanza ya zamu niliiandika polepole, kwa raha zangu. Mwenzangu nilimpanga geti la nyuma, lisilo na kivuli hata cha waya, siku sita kwa wiki. Akanijia ofisini jasho likimtiririka.

"Buda, si tunalala chumba kimoja? Nipunguzie hata siku mbili."

"Mwambie ndugu yako akushikie zamu," nikamjibu.