Daftari la Waliokataa

Mpaka leo nikiliona lile daftari hasira hunipanda, wala simlaumu Kyalo. Yeye muuguzi tu, aliandika alivyoelekezwa.

Presha ilipozidi kutuangusha hapa Mji wa Kale, mtaa ulichanga ukanunua mashine ya kupimia. Wanawake ndio waliochanga zaidi. Kisha kamati, wanaume watupu, ikaamua watu wapimwe kila Jumamosi barazani, pale pale wanapokunywa kahawa. Akili hizo!

Sasa niambie, mwanamke mwenye buibui lake apandishe nguo mpaka begani kichochoroni, wanaume wamemkodolea macho na vikombe mkononi? Wanawake wakapita, wakaenda zao. Na kila aliyepita, Kyalo aliandika kando ya jina lake: amekataa.

Mapenzi, dadake jirani yangu Swafia, aliandikwa hivyo mara tatu. Asubuhi moja, yeye na Swafia wakikanda unga wa mahamri ya kuuza, akaanguka papo hapo jikoni. Kiharusi. Upande wa kulia haumtii tena.

Swafia alilisoma lile daftari ukurasa kwa ukurasa, kisha akamwendea Kyalo.

"Dadangu hakukataa, mwanangu," alimwambia. "Hamukumpa pahala pa kukaa."

Kyalo aliinamisha kichwa. Swafia akaibeba mashine mpaka kwake, akamtaka amfundishe kupima. Tangu hapo wanawake wakawa wanaingia kwa mlango wa uani, wanapimwa nyuma ya pazia huku mahamri yakiumuka. Siku ya kwanza walikuja ishirini, na kumi na mmoja presha iko juu, wengi wao hawana habari. Wakasindikizana zahanati wawili wawili. Hata achari ya ndimu, kwa chumvi yake, ikaanza kufichwa kabatini.

Sifa zikavuma, na kamati ikazidaka. Wageni walikuwa wanakuja kuiona kazi hiyo, akasema mwenyekiti wa kamati, aliyesimama na Kyalo mlangoni kwa Swafia, kwa hiyo wanawake watoke wapimwe barazani, wapigwe picha. Eti uani hamna mwanga mzuri. Nami nilikuwepo, nikatamani kummwagia maji ya unga.

Swafia hakubishana. Alimwomba Kyalo daftari na kalamu, akalitafuta jina lake mwenyewe, akaandika kando yake kwa herufi kubwa: AMEKATAA.

"Hili sasa ni kweli," akasema, akamrudishia.

Akaingia ndani, akafunga mlango. Mapenzi alikuwa ameshapandishiwa nguo, mkono wa kushoto, angoja kupimwa.