Sanduku Lisilopumua

Ndege sina, na sitaki kuulizwa tena nitairushia wapi. Mi nimeanza na kadrani zake, vile vioo vyenye namba anavyosoma rubani. Katika gereji aliyotuachia marehemu baba, hapa Buyenzi, kaka yangu alinipa kona yenye meza moja, na juu ya meza hiyo nikatengeneza chombo cha kuonyesha ndege iko juu kiasi gani. Ndani yake mna sensa ya presha niliyoitoa kwenye mota ya gari bovu. Ukipanda, presha ya hewa inapungua, sensa inahisi, kioo kinaandika mita. Basi.

Kumbe kaka ameshamwahidi fundi wa matairi meza yangu. Nikamwakia. "Tutoke bandarini mpaka kule juu Gihosha," akasema. "Kama haitaona mulima, meza inaondoka."

Nikakubali, maana maneno yake yalikuwa yamenichosha. Asubuhi ya safari nikalifunga sanduku la chombo changu kama tunavyofunga kila kitu gerejini kwetu: silikoni ya gasketi, ile gundi ya kuziba mota, pande zote, vumbi lisipate pa kupita.

Bandarini namba ilikuwa sawasawa na kimo cha ziwa. Tukapanda. Sanduku nimelipakata, jua linalipiga kupitia kioo cha gari, na namba ikaanza kushuka. Tunafika Gihosha, tuko mlimani, chombo kinasema tuko chini ya maji.

Kaka alicheka hadi akasimamisha gari. "Mudogo wangu, unisalimie mukeke na samaki wote."

Nilikasirika, tena sana, lakini si hasira ya kulia. Nikalishika sanduku, lilikuwa la moto. Hapo nikajua. Nilikuwa nimefungia ndani hewa ya Buyenzi, jua limeipasha moto, presha yake imepanda, halafu naidai inipe habari za Gihosha. Nikachomoa pini ya mtandio wangu, nikatoboa silikoni.

Namba ikaruka kutoka majini, ikalipita ziwa, ikapanda mpaka pale tulipokuwa.

Kaka akatazama ziwa kule chini, akatazama kioo. "Ilikosa tundu tu?"

"Ilikosa tundu. Sasa mupigie simu mutu wako wa matairi, mi nasikiliza."

"Nitamupigia tukifika nyumbani."

"Apana. Hapahapa."

Akatoa simu, akamwambia yule fundi kwamba ile meza ina mwenyewe.