Unyasi Kwenye Kope la Juu

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, kope langu la chini la jicho la kushoto lilianza kucheza, na lilicheza karibu miezi minne. Tulikuwa Katubuka, karibu na Ujiji, nyumbani kwa Bibi mzaa mama. Mimi na Mama tulikuwa tumekuja kwa boti kutoka Rumonge, upande wa pili wa mpaka, tukikimbia vita, tukiwa na sufuria moja na blanketi. Baba alibaki amalizie kukamua mawese ya watu. Alisema anatufuata baada ya wiki moja.

Kwetu jicho likicheza hukimbilii hospitali, unasikiliza. La juu likicheza, utamwona mtu mliyepoteana naye siku nyingi. La chini likicheza, utalia. Hilo tulilijua kabla ya kujua kusoma. Na dawa yake ni kuchukua kipande cha unyasi mkavu, ukakilowesha kwa mate na kukibandika pale panaporuka, mpaka patulie.

Asubuhi ya kwanza Mama alikuwa mlangoni anachambua dagaa, akaniona nimejishika jicho.

"Linacheza?"

"Ndiyo."

"Juu au chini?"

Nilitazama mikono yake. Ilikuwa imesimama, dagaa mmoja katikati ya vidole.

"Juu," nikasema.

Mikono ikaanza tena kazi. Bibi akavunja unyasi kwenye ufagio, akautia mate, akanibandika kope la juu. Chini kukaendelea kuruka. Jioni ile Mama alisonga ugali wa muhogo, akatenga sahani ya Baba na kuifunika.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Mama anauliza, najibu juu, Bibi anabandika, kisha Mama anashuka mwaloni Ujiji kutazama boti zinazofika. Sahani ya Baba nilikuwa naila mimi kesho yake asubuhi, imepoa. Wenzetu wa Rumonge walipanda malori kwenda kambi ya wakimbizi, wakamsihi Mama aende nao akajiandikishe. Alikataa. Alisema mume wake akifika atatutafuta hapa, na jicho la mtoto limeshasema.

Kila usiku nilijiambia kesho nitasema chini. Kukicha nasema juu. Ningependa kuandika kwamba niliogopa, au niliona huruma, ila sikumbuki kuhisi hivyo. Nilihisi kope tu. Mambo mengine yote yalikuwa mbali, na mimi nilikula, nikachota maji, nikacheza rede na watoto wa jirani.

Kisha mchana mmoja akaja mwanamume aliyekuwa akikamua mawese na Baba. Bibi alimpa kiti, akakikataa, akakaa chini akiwa ameshika kofia yake. Hapo wote tukajua. Alisema Baba alifariki wiki ileile tuliyoondoka, na wamemzika. Mama alilia akiwa amejifunika kanga usoni. Bibi akalia, na majirani wakaingia na vilio vyao. Mimi nilikaa ukutani na unyasi wangu kwenye kope la juu.

Bibi ndiye aliyekuja kuubandua.

"Lia, mwana wanje, mwanangu," aliniambia. "Ukilia litatulia."

Nilijaribu, sikuweza. Siku ya tatu kope likatulia lenyewe, bila chozi, na Bibi hakulipenda jambo hilo hata kidogo. Alimwambia Mama kwamba kilichokuwa jichoni hakijatoka, kimehama. Kabla msimu wa mvua haujaisha, nyama ya paja ilianza kuruka, na ndani, chini ya mbavu, nikawa natetemeka kama nyumba iliyo jirani na mashine ya kusaga. Ukiniangalia huoni kitu.

Sasa mimi ni fundi cherehani, nina watoto, na bado natetemeka. Nimepimwa damu, nimepimwa misuli, na kila daktari ananiambia kwa upole kwamba haoni kitu. Nimezoea. Paja likianza, natoa mguu kwenye pedeli, naweka viganja juu ya kitambaa na kungoja. Wateja wanadhani nafikiria mkato, na wengine wananisifu kwa umakini.

Mwaka jana Mama, ambaye sasa ni mzee, alikuwa amekaa karibu na cherehani akisubiri blauzi yake. Nikamwambia bila kupanga.

"Mama, lile jicho lilikuwa linacheza chini."

"Najua."

"Ulijuaje?"

"Nilikuwa nakaa mbele yako. Nilimwona Bibi yako anabandika juu, na chini kunaruka."

"Sasa mbona ulikuwa unaniuliza kila siku?"

"Nilitaka nikusikie ukisema."

Miaka yote hiyo nilijiona mtoto aliyemdanganya mama yake mpaka akakosa lori la kambini. Kumbe yeye alikuwa akiniomba ule uongo kila asubuhi, na mimi nikimpa. Nilidhani nikilijua hilo nitalia. Sikulia. Paja tu ndilo lililoanza kuruka, na safari hii Mama aliliona kupitia kitenge. Akaweka kiganja chake juu yake, kama anayebandika kitu.

"Hapa je, panasema nini?"

"Hapasemi kitu, Mama."

Hakuuondoa mkono. Kushona kwa mashine kungenilazimu kusogeza mguu, kwa hiyo nilichukua sindano, nikamalizia upindo wa blauzi yake kwa mkono.