Geti Alilolihamisha Mama

Wifi yangu hujenga nyumba ambazo hata kifaranga hawezi kulala ndani. Ndiyo kazi yake: anakata kadibodi na vijiti, anabandika kwa gundi, mpaka mchoro wa msanifu unageuka jengo dogo la kuweka mezani. Ofisini kwao wanamwita Mama Kadibodi. Nyumbani tunamwita majina mengine, hasa tukikalia vipande vyake kwenye kochi, lakini haki ya mtu mpe: mke wa kaka yangu ana mikono.

Ofisi hiyo ya wasanifu majengo inajivunia jambo moja, nalo ni kushirikisha jamii. Wamejenga maktaba, zahanati na kituo cha wazee, na kila mahali waliwaita wakazi mkutanoni kwanza. Wifi huenda na kadibodi yake, na kwa ajili ya mkutano huo habandiki kitu. Kuta, milango, miti, vyoo, vyote vinakaa huru mezani ili mwananchi avisogeze apendavyo. Wakimaliza, mpiga picha anapanda kwenye kiti, anaipiga picha meza nzima kutoka juu, na kwa picha hiyo wasanifu wanarekebisha mchoro wao. Utaratibu mzuri kabisa. Mimi mwenyewe niliusifu kwa majirani, kwa mdomo wangu huu usiojua kupumzika.

Zamu ikafika mtaani kwetu. Ilikuwa shule ya chekechea, kwenye kiwanja kilichobanwa kati ya barabara kuu na kichochoro cha nyuma. Mama yangu haamini ofisi yoyote duniani. Amezungushwa vya kutosha na watu wa "njoo kesho". Wifi alimbembeleza mpaka nikamwonea huruma.

"Mama, safari hii mtasikilizwa," alimwambia. "Jengo linapita mikononi mwangu. Nani atanizunguka?"

Basi mama akavaa nguo yake ya kutokea, akaenda mkutanoni, nami nyuma yake. Alikizunguka kile kijishule cha kadibodi, kisha akauliza, "Hili geti mbona linatazama malori?"

Bosi wa wifi, msanifu mwenye miwani anayoivaa zaidi utosini kuliko machoni, akamjibu kwa upole, "Hiyo ndiyo sura ya jengo, mama. Litaonekana vizuri kutoka barabarani."

"Jengo litaonekana, sawa. Na mtoto akichomoka mbio, naye ataonekana?"

Watu walicheka, halafu wakaanza kutikisa vichwa, maana barabara ile kila mtu anaijua. Mama akalishika geti kwa vidole viwili, akalihamishia upande wa kichochoro, ambako hata baiskeli hupita kwa kuomba ruhusa. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Wifi, kwa furaha, akasema mbele ya watu wote, "Mama, litakaa hapohapo ulipoliweka."

Sasa sikiliza uzembe wa watu waliosoma. Mpiga picha wa siku hiyo alikuwa mgeni, na alipenda nyuso. Alimpiga mama akicheka, akampiga bosi amebeba watoto wa watu, akapiga mpaka soda zikigawiwa. Meza akaisahau. Pikapu ya ofisi iliyokirudisha kijishule ilipopanda tuta la kwanza, geti, miti na vyoo vikateleza vyote vikalundikana kona moja.

Wifi hakushtuka, kwa sababu kila kitu alikuwa nacho kichwani. Kesho yake alimwendea bosi na kumwambia geti liko kichochoroni.

"Picha iko wapi?" bosi akauliza.

"Picha haipo. Lakini mimi si nilikuwepo? Na wewe si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, ila nilikuwa naongea na watu. Bila picha namwonyesha nini mkandarasi? Anataka mchoro leo." Akashusha miwani machoni, dalili kwamba maongezi yamekwisha. "Tutalizingatia katika mradi ujao."

Mradi ujao! Kana kwamba watoto wetu watasubiri kuzaliwa katika mradi ujao. Wifi alirudi tena na tena, akajitolea hata kuwaita wakazi wote waje waseme upya, akaambiwa asiwacheleweshe. Mchoro ukaenda kwa mkandarasi na geti lake la barabara kuu.

Wifi mwenyewe ndiye aliyemwambia mama, kabla hajasikia kwa watu. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema "Sawa." Tangu hapo hakumsemesha tena. Wifi akiwa amekaa palepale mezani, mama ananigeukia mimi: "Mwambie mke wa kaka yako chai inapoa." Nami nikawa mkalimani ndani ya nyumba yetu, huku wote watatu tunazungumza lugha moja. Kaka yangu akajifanya ana kazi nyingi nje. Nilichoka mimi, na nilikasirika, na hasira yangu sikujua nimpelekee nani.

Ujenzi wa shule ulipokaribia kwisha, ofisi ikatundika bango kubwa juu ya geti. Mama yangu huyo, anacheka meno yote, na maandishi chini: "Jengo letu, sauti yetu." Walimvika kilemba cha ukoka, na palepale kwenye geti alilolikataa. Majirani wakaanza: "Si ndiye aliyekubali? Hamumwoni alivyochekelea?" Mama akawa anapitia njia ya mbali kwenda sokoni.

Lakini watoto walipoanza kwenda shule, alitoka. Kila asubuhi anasimama ukingoni mwa barabara na kitambaa chekundu, anasimamisha magari, anavusha. Madereva wanamtukana, naye anawarudishia matusi yenye mizizi. Majirani wenye maneno ya bango wakaona haya.

Habari zikafika ofisini, na ofisi ikafurahi. Wakaja asubuhi moja: bosi, mpiga picha, na wifi amebebeshwa begi la vifaa.

"Hii ndiyo jamii tunayoitaka!" bosi akasema. "Mama, inua kitambaa kidogo, tuone sura."

Mama alimtazama kutoka viatuni mpaka kwenye miwani. "Shika wewe, baba. Mimi magoti yananiuma."

Bosi alicheka, akakipokea, akaingia barabarani na tabasamu lake. Lori likaja. Lilipiga honi, wala halikupunguza mwendo, na bosi aliruka nyuma mpaka miwani ikadondoka. Watoto walikuwa wamepanga mstari wanamtazama, mabegi yao mgongoni. Nikajiambia, haya, leo ameelewa.

Akaokota miwani, akapangusa suruali, akamgeukia mpiga picha. "Umeipata ile ya kabla sijarudi nyuma?"

Wifi akaliweka begi chini, miguuni pa bosi wake. Akamnyang'anya kitambaa, akaingia barabarani, akakiinua juu. Gari la kwanza likasimama.

Mama alikuwa tayari amemshika mtoto wa mbele mkono. "Sogea kushoto, mwanangu," akamwambia wifi. "Malori yanatokea kule."