Jogoo wa Kijivu wa Bibi Aikande

Nakumbuka Krismasi moja, mwanangu, ambayo neno la kwanza lililonitoka kinywani mbele ya mtu mzima halikuwa shikamoo wala heri ya sikukuu. Lilikuwa "Usimtie!" Nitakueleza nilimkataza nani, na asimtie nani wapi, lakini kwanza kaa vizuri. Ninyi vijana wa siku hizi mnasikiliza huku mguu mmoja uko mlangoni.

Ilikuwa miaka ile kahawa ilipotuangusha. Bei ilishuka, watu wakang'oa mibuni vihambani, yale mashamba yetu ya nyumbani, wakapanda nyanya, na kwa kuwa serikali ilikuwa imefungua biashara, kila mtu akajaribu lake. Huyu aliuza mitumba, yule alivusha sabuni mpakani. Mimi nilikuwa kijana wa hapa hapa Masama, sina ng'ombe wala mke. Mungu akanikutanisha na Fundi Anaeli, mzee aliyetengeneza nzi.

Usicheke. Katika mito ya baridi kule juu mlimani wako samaki waitwao trauti, walioletwa na Wazungu zamani. Chakula chao ni wadudu wanaotua juu ya maji. Basi anayewavua hawapi nyungunyungu. Hutumia ndoana iliyofungwa manyoya kwa uzi mwembamba, samaki akitazama anaona nzi. Fundi Anaeli aliifanya kazi hiyo tangu ujana wake, na wavuvi wa huku na wa ng'ambo ya mpaka walimtafuta.

"Ukiona vyaelea, vimeundwa," alipenda kusema, akimdondosha nzi wake katika bakuli la maji. Nzi akielea, Fundi alitabasamu. Akizama, alikutazama wewe uliyeleta manyoya. Maana siri yote iko katika unyoya wa shingo ya jogoo, na si jogoo yeyote. Jogoo mchanga unyoya wake ni laini, hunywa maji kama pamba. Jogoo aliyekomaa, aliyekwisha kuwaamsha watu miaka kadhaa, unyoya wake ni mwembamba na mkakamavu, ukiupinda unarudi wenyewe. Tena ukimtumbukiza katika maji ya moto umnyonyoe, kama tunavyofanya majumbani kwetu, umeshaharibu. Unyoya unalegea na kusokotana, hautengenezeki tena. Shingo huchunwa ikiwa kavu, hutandazwa juu ya ubao, hupakwa chumvi na kuachwa kivulini.

Mimi sikuwa nafunga nzi. Kazi yangu ilikuwa kutafuta manyoya, na msimu wangu ulikuwa Krismasi. Wachagga unatujua. Mwaka mzima tumetawanyika, Desemba ikifika kila mtu anapanda nyumbani, na hakuna boma ambalo jogoo hapotezi maisha. Kazi ilikuwa kuwahi kabla sufuria haijachemka.

Mwaka ule mteja mmoja aliagiza nzi wa kijivu, rangi ya majivu yaliyopoa. Fundi akaniambia wazi: "Ukinipatia shingo ya kijivu, mwaka mpya unakaa mezani nikufundishe kufunga. Usipopata, nitamchukua mwingine." Kile kiti cha mezani, mwanangu, nilikiota hata nikiwa macho. Aliyekikalia alikuwa fundi. Aliyekikosa alikuwa mbeba mfuko.

Jogoo wa rangi hiyo alikuwa mmoja tu kijijini, wa Bibi Aikande, mjane aliyekaa peke yake jirani yetu. Alimtunza kwa ajili ya mwanawe, Godlisten, aliyeshuka Dar es Salaam na kupotelea huko miaka mingi. Safari hii Godlisten alituma salamu kwamba Krismasi itamkuta nyumbani. Nikaenda kuomba shingo. Bibi hakunizungusha hata kidogo.

"Shingo ni yako," akasema. "Ila asubuhi uje wewe mwenyewe umchinje, Godlisten atakuwa amechoka na safari. Usichelewe, baba."

Sasa sikia akili za ujana. Asubuhi ya Krismasi nikajiambia, Bibi Aikande ni mtu mmoja, hana pa kukimbilia. Acha nipitie kwanza maboma makubwa yenye majogoo wengi. Nikapita huku na huku, kila penye moshi nikaingia. Mfuko ulijaa shingo nyekundu, na jua likapanda. Nilipokumbuka ile ya kijivu, watu walikuwa wameshatoka kanisani.

Nilifika kwake mbio. Toka getini nikamwona jogoo ameshachinjwa. Bibi alikuwa amechoka kuningoja, akamwomba mpita njia amchinje. Sasa Bibi alikuwa amemshika jogoo miguu, na sufuria inatokota mbele yake.

"Usimtie!" nikapiga kelele. "Bibi, usimtie!"

Akainua macho. Akanitazama mimi, akautazama mfuko wangu uliofura. Kisha taratibu, bila hasira, akamtia jogoo majini kichwa na shingo vikitangulia, akamgeuza huku na huku kama mtu anayesuuza kitambaa.

"Ulikuja kumwona jogoo," akasema. "Haya, umeshamwona. Sasa kaa, unione na mimi."

Niliweka mfuko chini. Nikakaa kwenye kigoda. Kukaa tu ndipo nikaona. Ua lilikuwa limefagiliwa mpaka kwenye migomba. Dirishani kulikuwa na pazia jipya. Mezani sahani zilikuwa mbili, na mbege, pombe yetu ya ndizi, imefunikwa kwa jani bichi. Nyumbani kwa jirani magari yamejaa na watoto wanapiga kelele, na hapa kwa Bibi kimya.

"Shikamoo, Bibi," nikasema.

"Marahaba, baba. Sasa ndiyo umefika."

"Godlisten je?"

Akanisogezea jogoo nimnyonyoe. Nilikuwa nimeshavuta manyoya mengi, yamelowa na kuning'ang'ania vidoleni, ndipo aliponijibu. "Basi la juzi lilipita. La jana nalo likapita."

Nisikudanganye, nusu ya moyo wangu ilikuwa bado inaililia shingo ile. Kila unyoya wa kijivu nilioutupa niliuona ni kipande cha kile kiti. Lakini nusu nyingine ilikuwa imeanza kuona haya. Tukapika pamoja, tukala jogoo na ndizi, mimi nikitumia sahani ya Godlisten. Kila gari lililopanda kilima, mkono wa Bibi ulisimama katikati ya sahani na kinywa. Likipita, anaendelea kula. Siku ile niliwakumbuka wazee waliosema adabu si adhabu, faida yake huonekana mtoto akuapo, na nikatamani nikue haraka.

Nilipoaga, hakuniacha niondoke hivi hivi. Akanipeleka nyuma ya banda. Kuku mwekundu alikuwa amelalia mayai.

"Haya ni ya yule jogoo," akasema. "Yakianguliwa, vifaranga wote ni wako. Ila sharti moja. Kila ukija kuwaona, anzia kwangu."

Fundi Anaeli alitimiza neno lake. Mwaka mpya kiti kilikaliwa na mwingine, nami nikarudi kukata majani ya ng'ombe wa watu. Lakini kila Jumapili nikitoka kanisani nilipita kwa Bibi. Shikamoo kwanza, habari za mgongo wake, habari za Godlisten ambazo hazikuwepo, kisha vifaranga. Wengi walitoka wekundu, wachache wakatoka kijivu. Bibi akanifundisha kuwawekea majivu makavu wajigaragaze wasishikwe na viroboto, na kutowalaza penye moshi unyoya ukafubaa. Zaidi ya yote alinifundisha kungoja. Nikitaka kuchinja, anasema, "Bado mtoto huyo." Na mimi nangoja, nikinung'unika kimoyomoyo.

Ilipita zaidi ya miaka miwili ndipo nikampelekea Fundi shingo ya kwanza, kavu, ya kijivu. Akaupinda unyoya, ukarudi. Akafunga nzi, akamdondosha bakulini. Akaelea. Mzee alitabasamu. Alivuta kiti kingine kwa mguu wake, akakipigapiga kwa kiganja. Nikakaa. Nyumba hii unayoiona, na ada za shule za wanangu, vyote vilitoka chini ya yule kuku mwekundu, na sijaacha kushukuru hata siku moja.

Krismasi iliyofuata nilikuwa uani kwa Bibi, nachuna shingo, sufuria iko mbali. Mtu akasimama getini na begi, mwanaume mzima mwenye mvi za mapema, hajui kama aingie au ageuke. Macho ya Bibi yalikuwa yamefifia.

"Nani huyo?" akaniuliza.

Niliacha kuchuna, nikasimama. Aliyejibu ni yeye mwenyewe. "Shikamoo, mama."

Bibi akainuka, akasogea hatua mbili kuelekea getini. Kisha akasema, "Marahaba. Njoo ukae, Godlisten. Jogoo wako alishaliwa na huyu hapa, usimkasirikie, alinishikia nafasi yako. Huyu wa leo ni mtoto wa yule." Akanigeukia. "Aika, baba." Ndiyo asante ya kwetu. Alinishukuru mimi, mwanangu! Mimi niliyekuja mbio kwa ajili ya shingo ya jogoo. Nikainama kwenye kazi yangu ili wasinione ninavyolia.

Basi nasaha yangu ni hii. Tafuta mali, sikukatazi, hata mimi niliitafuta. Lakini ukiingia katika boma la mtu, mwone mwenye boma kabla ya kuona ulichofuata. Salamu si ada ya kulipia mlangoni. Kwa salamu ndipo unapojua kama aliyemo ndani amelala njaa au anangoja mtu. Na kizuri hakitoki kwa jogoo mchanga, kwa hiyo ngoja, na ukingoja usiache kuwatembelea wanaongoja nawe. Wakikukemea, kaa. Aliyekuambia kaa bado anakutaka.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akukuzie unachofuga, kazi ya mikono yako ielee. Na siku utakayofika mahali umechelewa na umekosea, akukutanishe na mtu wa kukusogezea kigoda.